Kona za Mto Ngong

Kabla ya mafuriko, watu wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, hawakumjua sana Nzau Maingi mwenyewe. Waliyemjua ni mkewe. Kavindu alikuwa fundi wa nguo, na katika sehemu yao ya mtaa karibu kila mtoto aliyevaa sare ya shule alikuwa amesimama wima mbele ya mlango wake wa mabati, akapimwa mabega, huku mama yake akiomba pindo liachwe refu ili nguo idumu. Nzau alikuwa mume wa fundi, basi. Alipakia na kupakua magunia katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, akarudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi, akaketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa akisikiliza cherehani ikienda ndani. Hakuwa mtu wa maneno. Mteja akimuuliza kama nguo yake iko tayari, alijibu, "Muulize mwenyewe," na jibu hilo lilikuwa mzaha wa ploti nzima ya vyumba vya kupanga.

Cherehani hiyo Nzau ndiye aliyemnunulia, mwaka ambao binti yao Ndunge aliingia darasa la kwanza. Kwa cherehani hiyo walimsomesha mtoto hadi akafika chuo cha walimu Machakos, naye ndiye mtoto pekee waliyejaliwa.

Mvua za Aprili zilipokuja, mto Ngong ulivunja kingo zake alfajiri, Nzau akiwa bado kazini zamu ya usiku. Yaliyotokea aliyasikia kwa majirani. Kavindu alitoka mapema pamoja na wanawake wengine, akafika salama kwenye barabara ya juu, nguo zikimlowa mwilini lakini mzima kabisa. Kisha akasema shule zinafunguliwa na nguo za watu ziko ndani, angalau aokoe kichwa cha cherehani, kwa kuwa meza yake inaweza kutengenezwa nyingine. Walimzuia. Akawaambia maji yako magotini tu. Walimwona akiingia, wakamwona akitoka amekumbatia kile chuma kifuani, maji yakiwa sasa yamefika mapajani. Ndipo ukuta wa ploti ya jirani ukaanguka na maji yote yaliyokuwa nyuma yake yakaja kwa pamoja. Hakuna aliyemwona tena.

Nzau alifika asubuhi na mkate kwenye mfuko. Mahali palipokuwa na nyumba yao palipita maji ya rangi ya chai, bila haraka yoyote. Alisimama hapo na mkate wake mpaka mtu akaja kumshika mkono.

Alimtafuta kama watu wote wanavyowatafuta watu wao. Alikwenda hospitali, akaenda vyumba vya maiti, akafunuliwa shuka moja baada ya nyingine na kutikisa kichwa. Alishika mti mrefu akatembea ukingoni mwa mto, akichokoa matope na takataka, upande huu siku moja, upande ule siku nyingine. Kiwandani walimpa ruhusa, kisha wakachoka kumpa. Katika siku hizo alikuwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumwambia. Aliikasirikia ile cherehani, na akajikasirikia kwa kuinunua, na mara nyingine, jambo lililomwogopesha zaidi, alimkasirikia Kavindu. Alipopita mahali fundi anashona alibadilisha njia.

Siku moja, akiwa kwenye matope chini ya daraja, alisikia mvumo juu ya kichwa chake. Aliinua macho akaona kitu cheusi chenye feni nne ndogo kikipita juu ya mto, kikisimama hewani, kikiendelea tena. Alikifuata kwa macho mpaka kikamfikisha kwa mwenyewe: msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa gambuti za mpira na kofia, amesimama darajani akiangalia simu iliyofungwa kwenye rimoti.

Huyo alikuwa Lorraine Aloo wa Buruburu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi na matanga kwa droni. Wakati huo alikuwa amejitolea na watu wa kanisa la mama yake kupiga picha za mtaa uliofurika, ili wajue watu wamekwama wapi na chakula kipelekwe wapi.

Nzau alisubiri mpaka droni ikatua. Kisha akamkaribia.

"Dada," alisema, "hiyo kitu yako inaweza kuona mtu?"

Lorraine alimuuliza mtu gani.

"Mke wangu. Mto ulimchukua."

Lorraine aliipandisha tena, akairusha mpaka betri zote zikaisha. Alirudi siku iliyofuata bila kanisa, na akarudi tena. Lakini alikuwa amepokea kazi za watu, harusi zenye tarehe na maziko yasiyongoja, na ikabidi amwambie Nzau ukweli kwamba hataweza kuja kila wakati. Alimwambia kwa shida, akiangalia gambuti zake. Nzau aliitazama ile rimoti. Kisha akasema, "Basi nifundishe."

Baadaye Lorraine aliwaeleza wenzake kwamba alikubali kwa sababu hakupata njia ya kukataa. Hakuamini kwamba yule baba angeweza. Lakini alikuwa na droni ndogo ya wanaoanza, ya plastiki, pana kama sahani, feni zake zimezungushiwa kinga ili zisimkate mtu, ile ile aliyojifunzia yeye mwenyewe. Kurusha kitu angani mitaa ya Eastlands bila kibali ni kutafuta matatizo, kwa hiyo aliomba ukumbi wa kanisa la mama yake Buruburu, nyakati za alasiri ambapo kwaya haifanyi mazoezi. Huko ndani, chini ya dari la mbao, kati ya viti vya plastiki vilivyopangwa kwa mirundo, Nzau alianza kujifunza.

Mikono yake ilikuwa imezoea magunia. Vidole gumba vyake vilikuwa vinene na vigumu, na vile vijiti viwili vya rimoti vilipotea chini yake. Alipotaka droni ipande kidogo ilipiga dari. Alipotaka ishuke ilianguka sakafuni ikabiringika kama kuku aliyechinjwa. Lorraine aliiokota, akaipuliza vumbi, akamrudishia. Hakumcheka hata mara moja, na Nzau aliliona hilo.

Kupanda na kushuka alikuja kukuweza. Kuisimamisha hewani alikuweza. Kwenda mbele na kurudi alikuweza pia. Kilichomshinda ni kupiga kona.

Kijiti cha kushoto ndicho kilichopandisha na kushusha droni, na hicho hicho kiligeuza pua yake. Cha kulia kiliisukuma mbele na nyuma, na kuilaza ubavu. Nzau, kama kila anayeanza, alitegemea cha kushoto pekee. Aliipeleka mbele mpaka karibu na ukuta, akageuza pua, na pua ikageuka kweli, lakini mwili ukaendelea kwenda kule ulikokuwa ukienda, ukateleza kiubavuubavu kama mkokoteni kwenye matope, ukagonga ukuta. Alipochoka kugonga, alianza kuisimamisha kabisa kwenye kona, aigeuze ikiwa imesimama, kisha aondoke upya. Hapo haikugonga kitu, naye akadhani amefuzu.

Lorraine alimwonyesha kwenye simu yake tofauti ya picha. Alimwekea video ya mtu anayekata kona kwa vishindo, na picha yote ilikuwa imevurugika, nyumba na miti vikichanganyika kama rangi iliyomwagikiwa na maji. Huwezi kuona kitu hapo, alimwambia, hata kama kipo mbele yako.

"Unageuza kama mtu anafunga mlango," alisema. "Usifunge mlango, Baba Ndunge. Anza mapema. Ukiona kona inakuja, ilaze kidogo upande ule unaenda, na hapo hapo geuza pua pole pole. Vidole vyote viwili pamoja. Ikilala itashuka kidogo, kwa hivyo iongezee nguvu, kidogo tu. Na ukimaliza kona usiachilie kijiti kiruke. Kisindikize mpaka katikati."

Aliweka viti viwili katikati ya ukumbi, mbalimbali, akamtaka avizunguke, huku na huku, njia ikikatana katikati kama tarakimu ya nane. Hapo shida ikazidi. Droni ilipokuwa ikimwendea Nzau, kushoto kwake kulikuwa kulia kwa droni, na vidole vilikataa kuamini. Mara kwa mara aliipeleka mahali asipotaka. Lorraine alimshauri asiiangalie kwa macho ya mtu aliyesimama chini. Ajione ameketi ndani yake, anaendesha. Nzau hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Lakini alijaribu.

Alikuja kila alipopata nafasi, mara nyingine akitoka moja kwa moja kiwandani bila kulala, na dobi wa kanisa aliyekuwa akianika vitambaa vya madhabahu uani akamzoea, akawa anamwachia mlango wazi.

Kisha alasiri moja ikakubali. Aliiona kona inakuja, akailaza mapema, akageuza pua, akaongeza nguvu kidogo, na droni ikazunguka kiti cha kwanza kwa upana, bila kuteleza, bila kushuka, ikavuka katikati, ikalala upande wa pili, ikazunguka kiti cha pili. Akairudia. Ikaenda tena vile vile. Mvumo wake ulikuwa mmoja, bila kupanda wala kushuka. Lorraine alikuwa ameketi kwenye jukwaa la kwaya na akaanza kupiga makofi.

Nzau aliitua, akaweka rimoti juu ya kiti, akatoka nje. Alipokawia, Lorraine alimfuata akidhani ni mgonjwa. Alimkuta amechuchumaa karibu na mfereji wa maji ya bomba, uso kwenye viganja.

"Nilifurahi," alisema Nzau. "Mke wangu hajapatikana, na mimi nimefurahi na mchezo wa watoto."

 Lorraine aliketi kwenye saruji kando yake. Dobi alipita na beseni lake, akawaona, akazunguka upande mwingine. Baada ya muda mrefu Nzau alinyanyuka mwenyewe, akanawa uso, wakarudi ndani.

Tangu hapo walihamia kwenye droni kubwa yenye kamera. Lorraine ndiye aliyekuwa na leseni, na ndiye aliyehangaika kutafuta vibali, na kila waliporusha alisimama bega kwa bega na Nzau. Waliacha sehemu za viwandani zilizokwisha kupekuliwa wakaenda chini, kule Njiru ambako mto Ngong unakutana na mto Nairobi, na ng'ambo yake kuelekea Ruai, mahali ambapo nyumba zinapungua na kingo zimefunikwa na matete. Upepo wa nje ulimfundisha upya. Kona aliyoiweza ukumbini ilisukumwa ikapanuka ikawa kitu kingine, na alilazimika kuilaza zaidi upande wa upepo na kujizuia asiharakishe.

Kila kitu kilikuwa kwenye kona. Pale mto uliponyooka, maji yalipita na kila yalichobeba. Ulipopinda, vitu vilinaswa: magodoro, mlango wa friji, matawi, mbuzi aliyefura, mabati yaliyokunjamana kama karatasi. Mtu aliyenaswa angenaswa hapo. Kwa hiyo kila kona Nzau aliipita taratibu, kamera ikitazama ukingo wa ndani, na akirudi ikitazama ukingo wa nje, picha ikiwa imetulia kiasi kwamba ungeweza kuhesabu majani. Na kila kitambaa kilichoning'inia kwenye tete kilimsimamisha moyo. Kavindu alitoka nyumbani amevaa sweta la kijani. Mto ule ulikuwa umejaa vitambaa vya kijani.

Ndunge alipiga simu kutoka chuoni karibu kila jioni. Awali aliuliza kama amekula. Siku moja aliuliza jambo jingine.

"Baba, ukimpata, utaniambia vile yuko, ama utanificha?"

Nzau alimwambia hatamficha. Alipokata simu aligundua kwamba mpaka wakati huo hakuwa amefikiria hasa ni kitu gani alichokuwa akikitafuta.

Walimpata mtu. Ilikuwa baada ya Ruai, kwenye kona ndefu yenye kisiwa kidogo cha mchanga, na Nzau aliona shati kabla Lorraine hajaliona. Aliizungusha droni polepole juu yake, mara moja, mara mbili, kamera ikibaki imelenga mahali pamoja. Kulikuwa na mkono ndani ya shati. Lorraine aliwaita polisi. Hakuwa Kavindu. Alikuwa kijana aliyesombwa na maji akivuka daraja la miguu upande wa juu, mwana wa mama mmoja wa Eastleigh aitwaye Deeqa, aliyeuza nguo huko. Alizikwa siku hiyo hiyo, kama dini yao inavyotaka.

Siku chache baadaye Deeqa alikuja Mukuru kumtafuta mtu aliyemwona mwanawe. Alikuja amevaa nyeusi, na kaka yake nyuma yake, akauliza mlango kwa mlango mpaka akafika kwenye chumba alichokuwa amesitiriwa Nzau na mfanyakazi mwenzake. Hakuingia. Alisimama mlangoni akamwombea dua ndefu, Mungu amlipe, Mungu amrudishie. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa najua pa kwenda nikimlilia."

Nzau alimshukuru, akampa pole, akamsindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa. Aliporudi alilala kitandani na viatu. Lorraine alipopiga simu kupanga safari ya mtoni alimjibu kwamba haji. Alimpigia tena wiki iliyofuata, haji. Mwishowe alifunga safari akaenda kumwona, akamkuta amenyoa vibaya na amekonda. Ndipo Nzau alipomweleza, akiangalia sakafu, kwamba alimwonea wivu. Mama amefiwa na mwanawe, amekuja kumwombea, na yeye akasimama pale akimwonea wivu kwa ajili ya kaburi. Alisema hakujua kwamba mtu anaweza kufika mahali kama hapo.

Mto ulikuwa umepungua. Kiwandani alirudia zamu zake zote. Serikali ilibomoa nyumba zote zilizobaki ukingoni na watu wakatawanyika, na wengi wa wale waliomjua Kavindu wakaenda mitaa mingine. Ilionekana hadithi imeishia hapo, bila mwisho.

Aliyeirudisha ni mama yake Kavindu. Syombua alikuwa mama wa umri mkubwa, wa Wamunyu, na kati yake na Nzau kulikuwa na heshima ile ya Wakamba ya mkwe na mama mkwe, ambayo wengi wa mjini wameilegeza lakini wao wawili hawakuwahi kuigusa. Miaka yote hiyo Nzau alizungumza naye akiwa mbali, macho chini, na hawakuwahi kula meza moja. Habari kati yao zilipitia kwa Kavindu. Sasa zilipitia kwa Ndunge, na habari iliyokuja ilikuwa hii: bibi amesikia kwamba baba anarusha kitu kinachoona mto wote, naye anataka aonyeshwe mahali maji yalikompeleka mtoto wake.

Nzau hakutaka. Ndunge alimwambia bibi ameshapanda gari.

Walikutana Njiru Jumamosi, wanne: Syombua na fimbo yake na leso kichwani, Ndunge amemshika mkono, Lorraine, na Nzau. Lorraine alitaka kurusha yeye ili Nzau apumzike, lakini Nzau alichukua rimoti. Skrini ilikuwa ndogo na jua lilikuwa kali, na yule mama alisimama mbali kwa heshima, akikunja macho, asione kitu. Nzau naye hakuthubutu kumsogelea. Walisimama hivyo mpaka Syombua akaamua.

"Sogea, Baba Ndunge," alisema. Aliongea Kiswahili chake cha sokoni ili Lorraine asikie pia. "Leo heshima tuiweke kando. Macho yangu hayaoni mbali."

Akaja akasimama kando yake, bega likigusa mkono wake, vichwa viwili juu ya simu moja. Ndunge aliwafunika kwa leso kuzuia jua.

Droni ilipanda. Nzau aliipeleka kwanza juu kidogo ya mto, akamwonyesha kule maji yanakotoka, upande wa viwanda, kisha akaigeuza, ikaanza kushuka na mkondo. Aliendesha kama hajawahi kuendesha. Kila kona aliianza mapema, akailaza, akaizunguka kwa upana, na mto ukapita kwenye skrini bila kushtuka, kipande kikifungua kipande. Syombua aliuliza hiki ni nini, akamjibu ni godoro, Mwaitu, akimwita mama kwa Kikamba. Na kile? Ni mti ulioanguka. Aliuliza kama hapo alipaangalia vizuri. Nzau alisema ndiyo. Na pale? Napo pia. Hakuuliza swali la kumlaumu hata moja.

Walifika mahali mito miwili inapokutana na maji yakawa mapana. Syombua aliuliza kutoka hapo yanakwenda wapi.

"Yanaingia Athi," alisema Nzau.

"Athi hii yetu?"

"Ndiyo, Mwaitu. Hiyo hiyo."

Yule mama aliegemea fimbo yake. Athi hupita chini ya shamba lake. Alikuwa akichota maji huko tangu ni msichana, na bado alichota, kwa mtungi wa plastiki na punda.

"Basi mimi nimekuwa nikiyachota," alisema. "Tangu mvua zile. Nimekuwa nikiyachota nikapikia."

Ndunge aliachilia upande mmoja wa leso, akaukamata tena. Lorraine aligeuka akatazama kwingine. Nzau alihisi bega la yule mama likitetemeka kwenye mkono wake, na kwa sababu ya mtetemeko huo aliogopa vidole vyake vitasogea, akavikaza, kisha akakumbuka kuvilegeza. Mbele kulikuwa na kona nyingine. Aliilaza, akageuza, akaongeza nguvu kidogo, akaisindikiza mpaka mwisho. Picha haikutikisika.

"Inatosha," alisema Syombua. "Mrudishe."

Hakusema irudishe. Labda ni Kiswahili tu kilimteleza. Nzau hakuuliza, na hakuna aliyemsahihisha. Aliigeuza droni kwa duara pana, akairudisha juu ya maji yale yale mpaka ikatua miguuni mwao.

Ibada ilifanyika Wamunyu mwishoni mwa mwezi. Hapakuwa na jeneza. Wazee wa ukoo walitaka lichimbwe shimo na kuzikwa nguo zake, lakini Syombua alikataa katakata kuchimba kaburi lisilo na mtu. Waliweka picha ya Kavindu juu ya meza yenye kitambaa cheupe, wakaimba, mchungaji akasoma, watu wakala na kwenda zao. Cheti cha kifo hakuna, kwa kuwa sheria husubiri miaka mingi pale mwili usipopatikana. Nzau si mjane kwa sheria na si mume kwa lolote. Ndunge alimaliza chuo akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo huko huko Machakos. Humtembelea bibi yake, na amemnunulia tangi la kukinga mvua, kwa sababu Syombua hakwenda tena mtoni.

Nzau alihamia Kariobangi, chumba cha juu mbali na maji. Bado anafanya kazi kiwandani, lakini mwisho wa wiki humsaidia Lorraine. Harusi hazipendi. Huenda naye kwenye maziko, na watu wa msiba husifu sana picha zake, jinsi zinavyozunguka kaburi na waombolezaji taratibu bila kukatika. Hawajui alijifunzia nini. Naye hasemi.

Mwaka jana walipelekwa kwenye mazishi ya mzee mmoja aliyekuwa karani wa reli, nje kidogo ya mji. Nzau alipiga picha za jeneza likiteremshwa, akaizungusha droni mara moja juu ya watu wote, akaitua. Kisha akampa Lorraine rimoti, akavuka nyasi, akajipanga nyuma kwenye foleni ya watu wa familia. Zamu yake ilipofika aliinama akachukua udongo, akaushika muda kidogo, akautupa kaburini kwa yule asiyemjua. Mjane wa marehemu alimdhania jamaa wa mbali, akampa mkono, akamwambia pole. Nzau aliupokea mkono huo kwa mikono yake miwili, akasema asante, mama, asante sana.

Tangu siku hiyo hufanya hivyo katika kila maziko, na Lorraine hunyoosha mkono apewe rimoti kabla hajaombwa.